Leo Nimefuta Sura Kumi na Nne

Jumamosi. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa tatu, na tangu hapo mtaa wote wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, unanuka udongo na mafuta ya vitumbua. Nina chokaa kwenye kucha, kwenye nywele, na nadhani hata kwenye meno. Mchana nilijilaza kidogo, usingizi ukakataa. Naandika kwa sababu hapa nyumbani sina mtu wa kumwambia haya bila kumtia hofu.

Niseme mapema, nisije nikajipamba njiani. Papa Kalenga yuko kizuizini siku ya sita leo, na yuko huko kwa sababu yangu.

Papa Kalenga ni fundi cherehani. Amenishonea sare za shule, gauni la komunyo ya kwanza, na nguo nyeusi tulipomzika baba. Baba yake alikuwa mtu wa reli, alitoka kaskazini, na palseli, yaani kiwanja wanachokaa, ni ile ile aliyoiacha mzee. Ina ukuta mrefu unaotazama barabara. Miezi mitatu iliyopita nilimwendea nikamwambia nataka kuchora juu yake, na sina cha kumlipa. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akauliza kama rangi itavumilia mvua. Hilo tu ndilo aliloniuliza.

Mimi kazi yangu ni mabango. Saluni, duka la simu, "hapa tunachaji betri", picha ya mwanamke mwenye nywele ambazo hakuna mwanamke anazo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika kwenye blogu hii kuhusu haki zetu, nikiwahimiza muulize maswali, mwende kwenye mikutano ya komini, ile manispaa yetu, msiwaachie wakubwa kila kitu. Mlinisoma, mkaniwekea vidole gumba, halafu hakuna aliyekwenda popote. Mimi pia sikwenda. Ndipo nikaona afadhali nichore, maana brashi inanitii kuliko maneno.

Maji ya bomba yalikuwa yamekauka mtaani kwa miezi. Bourgmestre, yaani mkuu wa komini yetu, alikuwa ametangaza mara mbili kwamba atakutana na wakazi, na mara zote mbili hakutokea. Kwa hiyo nilichora mkutano ule ambao haukufanyika. Watu kumi na sita wameketi nusu duara, kila mmoja kwenye kiti alichokitoa nyumbani: cha plastiki, cha mbao, kigoda cha jikoni. Mbele yao kiti kimoja kitupu. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: TUNAKUNGOJA UTUJIBU.

Sasa nifike pale panaponichoma.

Sisi wachoraji wa huku tuna kawaida mbili ambazo tulizikuta tu kazini. Ya kwanza, kazi ikiisha unatia jina lako na namba ya simu chini kabisa, pembeni kulia, ili mteja mwingine akupate. Ya pili, mtu akikupa ukuta bure unamweka ndani ya picha, tena mahali pazuri, na uso uwe wake kabisa, mpaka mtoto anayepita aseme huyu ni fulani. Ndiyo ahsante yetu. Na aliyekuletea maji ya kunywa unamweka, na aliyekushikia ngazi pia.

Basi nikamweka Papa Kalenga katikati, futi yake shingoni, kidole juu kama mtu anayeomba kusema. Kando yake mke wake, Mama Odette. Halafu wengine wakaanza kuja wenyewe. Mama Jeanne wa vitumbua alikaa kwenye kiti chake mbele yangu asubuhi nzima ili nimchore, na nilipomaliza akakasirika.

"Juu ya nini unanikondesha? Bantu batasema niko mugonjwa!"

Nikamwongezea mashavu. Mtaa mzima ukacheka. Papa mmoja alitaka nimpunguzie upara, nikampunguzia. Zilikuwa siku nzuri, sitasema uongo. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakigombania kuonekana wakiuliza swali.

Siku ya mwisho nilichukua brashi nyembamba nitie jina. Rafiki zangu wawili niliopanga nao kazi walikuwepo. Wakasema hii si saluni, Bijou, usisaini, ni hatari. Nikairudisha brashi ndooni. Hawakuhitaji kunibembeleza. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua kabla hawajafungua mdomo, na nilifurahi kwamba wamelisema wao.

Niliacha sura zao kumi na sita. Nikaondoka na jina langu.

Na haikunijia akilini kwamba wao watatambuliwa kwa sura. Nimekaa nalitafuta hilo tangu Jumatatu, kama labda nilijua nikajifanya sijui. Hapana, haikunijia kabisa. Mkono ulifanya kama ulivyozoea kufanya kila mahali, na kichwa kilikuwa kinajishughulikia chenyewe.

Ukuta ulifanya kazi yake. Wiki mbili baadaye, Jumanne moja, watu walibeba viti vyao wakaenda kuvipanga kwenye uwanja wa komini, nusu duara, mbele kiti kimoja kitupu. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, waliiga tu walichokuwa wakikiona kila siku wakipita. Papa Kalenga alibeba kigoda cha cherehani kichwani. Walikaa kimya mpaka saa sita. Katibu alitoka, akawatazama, akasema warudi wiki ijayo. Wakarudi, na safari hii walikuwa wengi zaidi, wengine wametoka mpaka Naviundu, pembezoni mwa mji, kwa miguu na viti vyao. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara nikipiga picha kwa simu. Nililia, naomba niliandike hilo, nililia kwa furaha kama mjinga.

Jumanne ya tatu polisi walichukua viti. Hawakumgusa mtu, walipakia viti tu kwenye lori wakaondoka navyo. Watu walirudi nyumbani kwa miguu mikono mitupu, na wengine walikuwa wanacheka kwa sababu walidhani yameishia hapo.

Jumatatu ya wiki hii wanaume watatu wasio na sare waliingia kwa Papa Kalenga. Mmoja alikuwa na picha ya ukuta kwenye simu. Alimtazama Papa, akatazama simu, akaikuza kwa vidole viwili. Wateja waliokuwepo wanasema hakuuliza hata jina. Walimwacha avae koti. Shati la mtu lilibaki chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa.

Halafu wakatoka nje, wakasimama mbele ya ukuta, wakapiga picha nyingine. Moja moja, uso kwa uso.

Basi mtaa ukaelewa. Jumatano jioni ulinifikia ujumbe wa kwanza wa kuomba sura ifutwe, Alhamisi jumbe zikawa sita. Leo asubuhi, mvua ilipokatika tu, nilibeba ndoo ya chokaa nikaenda. Walikuwa wananisubiri. Walikuja wawili wawili, kama watu wanaokuja kuungama, wakasimama pembeni mpaka zamu yao ifike.

Mama Jeanne alikuwa wa kwanza. Sasa anakaangia vitumbua vyake akiwa amekaa kwenye kreti ya bia, kiti chake kiko polisi.

"Bijou, mwana yangu, unitoshe pale. Haiko kama sikupende. Niko na batoto bane."

"Ninajua, Mama."

"Na ile mashavu, uliichora muzuri. Unisamehe."

Yeye ananiomba mimi msamaha! Nilipitisha brashi mara tatu, mashavu yakapotea. Mwili wake ulibaki, kitenge chake cha maua, mikono juu ya magoti, kichwa cheupe.

Nilidhani wa pili atakuwa rahisi. Wa nane nilikuwa siwezi tena kumtazama mwenyewe, nilikuwa natazama ukuta tu na kuuliza "wewe ni yupi?" kama simjui. Papa mwenye upara alinishika begani wakati nafuta, akakaa hivyo mpaka nimemaliza. Kufikia saa tano nilikuwa nimefuta sura kumi na nne, na chokaa ile mbichi ilikuwa inatiririka kidogo juu ya nguo zao kwa sababu ukuta bado ulikuwa na maji ya mvua.

Walibaki wawili.

Mama Odette alikuja akitoka kupeleka chakula. Humpelekea mumewe bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kila asubuhi, na mlinzi akiwa na roho nzuri anamruhusu kusema naye dakika chache mlangoni. Alikuwa bado ameshika sahani zilizofungwa kwenye kitambaa. Alitazama vile vichwa vyeupe, akanitazama mimi na ndoo yangu.

"Uko nafanya nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia nilikuwa nataka kumfuta Papa pia, na yeye, kama atanipa ruhusa, labda itasaidia.

"Apana. Bwana yangu usimuguse. Na miye uniache pembeni yake."

Halafu akaniambia kilichotokea kule, na aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya unga.

"Balimuuliza nani alichora. Ye alisema: ni miye. Bakacheka. Balimupa bic na karatasi, bakamwambia: sawa, chora muntu. Unajua alichora nini?"

Alizihamishia sahani mkono wa pili.

"Shimizi. Na kola yake, na mifuko mbili, na kipimo ya mikono. Njo kintu anajua kuchora. Banamupiga juu ya ile shimizi, Bijou. Sasa banasema ataikala kule mupaka atataya jina. Na ye hatatayaka. Unamujua."

Ninamjua. Nimemwona akibishana na mteja siku mbili kwa ajili ya kifungo kimoja. Hatataja.

Nilikuwa naiona ile karatasi yenye shati waziwazi: kalamu ya bic, vidole vyake vyenye makovu ya sindano, anachora bega, anachora kwapa, anaweka zile nukta ndogo za mahali pa kushona. Lazima alijitahidi. Lazima alichora vizuri, mistari imenyooka, maana yeye hachori ovyo.

"Mama Odette, nisamehe."

"Kusamehe itakuya nyuma. Sasa unipe kiti nishikale, miguu inachoka."

Kiti hakikuwepo. Vya kwao vyote viwili viko polisi. Nikamwaga chokaa iliyobaki mtaroni, nikaigeuza ndoo, nikaipangusa kwa sketi yangu. Akaketi juu yake akitazama ukuta, mkono kwenye shavu. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nilitaka aniambie. Nilitaka aniamuru, anitukane, anishike kwa nywele mpaka komini, ili uamuzi usiwe wangu.

"Siko nakuomba kintu, mwana yangu," akasema. "Nilikuya tu kuangalia bwana yangu. Kule hatunaka na wakati, banatusukuma."

Alimtazama karibu robo saa. Akainuka, akashukuru kwa ndoo, akaenda kupika chakula cha kesho.

Ninataka kueleza kuhusu jina langu, kwa sababu najua mtadhani ni woga tu. Ni woga, ndiyo, lakini una mahali ulikotoka. Sisi ni watu wa Kasai. Mama yangu alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hajui mji mwingine. Lakini miaka ya tisini, walipotufukuza mkoa huu wakisema si kwetu, mtu mmoja wa mtaani alipita na daftari akiandika nyumba zenye majina yetu. Mtu aliyekuwa anakula kwetu. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu stesheni, watu wamelala chini wakingoja treni, na Mama akinifundisha kwamba mtu akiniuliza naitwa nani niseme Bijou, basi, nisiongeze kitu. Tuliporudi miaka michache baadaye, somo lilikuwa lile lile. Usiandike jina lako mahali watu wanapopita. Ndiyo maana mabango yangu yote yana "Bijou wa Brashi" na namba ya simu, na hata hilo Mama halipendi. Ndiyo maana blogu hii haina jina kabisa.

Kwa hiyo nilijua. Mimi kuliko mtu yeyote katika mtaa ule nilijua maana ya mtu kutambulikana. Nilijua kwa ngozi yangu, na bado nikachora sura za watu kumi na sita kwa uangalifu mkubwa, nikihakikisha kila mmoja anafanana.

Napenda kusema kwamba sanaa inaamsha watu. Nilisema hivyo hapa mara nyingi, nendeni mkasome, kumejaa tele. Sawa, iliwaamsha. Wakabeba viti. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na simu.

Baada ya Mama Odette kuondoka nilirudi nyumbani kuchukua rangi nyeusi na ile brashi nyembamba. Saa nane hivi nilikuwa ukutani tena. Nimeandika herufi maelfu katika maisha haya, naziandika huku naongea na watu, huku nakula muhogo. Leo nilipiga mstari kwa penseli kwanza, kama mwanafunzi. Chini kabisa, pembeni kulia. Sikuandika Bijou wa Brashi. Niliandika jina lote kama lilivyo kwenye kadi yangu ya mpiga kura, maana huku kwetu hicho ndicho kitambulisho cha mtu, hata kama kura yenyewe haimfikishi popote. Chini yake namba ya simu.

Mama Jeanne aliacha vitumbua vyake vinaungua, akaja kusoma. Alisoma polepole, herufi kwa herufi.

"Bijou. Utaongeza tu muntu wa pili mule ndani."

"Inawezekana, Mama."

"Na mama yako?"

Niliosha brashi. Alisimama pale akinuka mafuta, halafu akarudi kwenye kreti yake. Baada ya kitambo kidogo alimtuma mtu aniletee vitumbua vitatu kwenye gazeti. Nilivila nimesimama. Vilikuwa vimeungua.

Mama Jeanne anaweza kuwa sahihi. Rafiki yangu mmoja, kati ya wale wawili, amenipigia akaniita mwendawazimu. Anasema hawatamwachia, watatuweka wote, nimewapa zawadi. Kwamba nilipaswa kuondoka leo leo kuelekea mpakani na kupigana nikiwa mbali. Labda. Nimejiuliza pia kama nafanya hivi kwa ajili ya Papa Kalenga au ili nipate kulala tena. Ninachojua ni kwamba kuna swali wanamuuliza kila siku, na jibu lake ni mimi, na anapigwa kwa kutolitoa.

Kesho asubuhi Mama Odette atapita na sahani zake baada ya misa ya kwanza. Nimemtumia ujumbe kwamba nitatembea naye. Alijibu neno moja: "Sawa." Nitabeba kadi yangu, sweta, na mswaki. Mlinzi akituuliza tumekuja kwa ajili ya nani nitamwambia. Wakitaka ushahidi, wanipe bic na karatasi. Nitawachorea Papa Kalenga, futi shingoni, kidole juu, na yeyote aliye chumbani mle atamtambua.

Ninaogopa. Simu iko mezani hapa, nimeigeuza kifudifudi, na kila baada ya sentensi mbili naigeuza niangalie. Bado hakuna namba nisiyoijua.

Mama yuko jikoni. Nasikia anapepea makaa. Ameniita mara mbili nikale kabla jua halijazama, na mara ya pili aliniita kwa jina langu la nyumbani, lile ambalo halitumii mlango ukiwa wazi. Bado sijamwambia. Nitamwambia sasa hivi, nikimaliza kuandika mstari huu, kabla hajasikia kutoka kwa mtu aliyepita barabarani akasoma.

Ukuta ule nilichora mimi.

Ngalula Mbombo Bijou